Kuvika uhusika

Waigizaji wetu husema “nimevaa uhusika,” na kitenzi hicho nakipenda sana. Uhusika ni vazi: mwandishi hushona, mwigizaji akaingia ndani. Lakini mashabiki wa michezo ya video wanapobishana nani acheze nani kwenye tamthilia, wanafanya nini? Mimi nasema wanavika uhusika.

The Last of Us ilitoka mwaka 2013 kama mchezo, na wengi walimvika Kaitlyn Dever uhusika wa Ellie. HBO ilipoleta tamthilia mwaka 2023, vazi lilikuwa la Bella Ramsey. Wakalalamika: hafanani na Ellie wa mchezoni! Sura, jamani? Nguo huangaliwa inavyokaa mwilini. Mtazame mwisho wa sehemu ya kwanza, Joel, mwanamume anayemsindikiza Ellie, anapomtwanga askari ngumi mfululizo: Ellie hafumbi macho, anakodoa kama mwenye kiu. Hapo limemkaa.

Dever naye alivaa uhusika mwingine wa tamthilia hiyo, wa Abby, mwaka 2025. Na Ashley Johnson, aliyempa Ellie sauti mchezoni, kwenye tamthilia ndiye mama anayejifungua Ellie: aliyelivua vazi akamzaa aliyelivaa.