Darubini ya bunduki ya kijeshi

Darubini ya bunduki ya kijeshi ni chombo cha kulengea kinachofungwa juu ya bunduki ili askari aione shabaha kwa ukubwa na uwazi kuliko kwa jicho tupu, na aone alama inayomwonyesha mahali risasi itakapofika. Kinachoitofautisha na darubini ya mwindaji ni uimara. Jeshini uimara una maana pana kuliko kutovunjika: darubini iliyoanguka ikabaki nzima, lakini alama yake ikahama, imeshindwa kazi yake. Risasi inayokosa shabaha humwacha askari hatarini, na huweza kumpata mtu asiyehusika na vita. Kwa hiyo anayemchagulia askari darubini hubeba dhamana nzito.

Ukubwa wa dhamana hiyo hupimika. Pembe hupimwa kwa miliradiani. Miliradiani moja ni sawa na sentimita 10 kwenye umbali wa mita 100, na sentimita 60 kwenye mita 600. Kifungio chenye urefu wa sentimita 10 kikiinuka upande mmoja kwa sehemu moja ya kumi ya milimita, takribani unene wa unywele, darubini huwa imepinda kwa miliradiani moja. Kosa lisiloonekana kwa macho hutosha kumfanya mpiga shabaha hodari amkose mtu mzima aliyesimama.

Historia

Darubini za bunduki zilitumika vitani katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani (1861–1865). Zilikuwa mirija mirefu, nyingine karibu na urefu wa mtutu wenyewe, na ziliharibika upesi. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walianza kwa kutumia darubini za uwindaji. Waingereza walifunga zao ubavuni mwa bunduki ili zisizuie upakiaji wa risasi, jambo lililowatatiza askari waliolenga kupitia matundu membamba ya ngome za mahandaki.

Vita Kuu ya Pili ilileta fikra mpya: bunduki na darubini yake ni jozi isiyotenganishwa. Darubini ya Uingereza Namba 32, iliyokuza mara 3, ilibuniwa kwanza kwa ajili ya bunduki rashasha ya Bren, kisha ikafungwa kwenye Lee-Enfield Namba 4 (T). Kampuni ya Holland & Holland iliziunganisha, na namba ya darubini ikagongwa kwenye kitako cha bunduki yake ili ghalani zisichanganywe. Wasovieti walitumia PU, darubini fupi ya ukuzaji wa mara 3.5 iliyokuwa rahisi kuunda kwa wingi, juu ya bunduki ya Mosin-Nagant.

Adui mkubwa wa vyombo hivyo alikuwa unyevu. Mwaka 1947 kampuni ya Leupold ya Oregon, Marekani, ilileta sokoni darubini iliyojazwa nitrojeni kavu ili isipate ukungu ndani, na njia hiyo ikaenea kote. Mwaka 1963 Umoja wa Kisovieti uliidhinisha bunduki ya SVD pamoja na darubini yake PSO-1 ya ukuzaji wa mara 4, iliyozibwa, yenye taa ndogo ya alama na mchoro wa kukadiria umbali kwa kimo cha mtu wa mita 1.7.

Vita vya Vietnam vilitoa somo kali. Askari wa Marine wa Marekani walipewa bunduki ya M40 yenye darubini ya Redfield ya ukuzaji wa mara 3 hadi 9. Katika joto na mvua za huko, mbao za bunduki zilivimba na darubini zikapata matatizo ya unyevu. Toleo lililofuata, M40A1, lilipewa kitako cha nyuzi za kioo na darubini ya Unertl ya ukuzaji wa mara 10 usiobadilika. Jeshi la nchi kavu nalo mwaka 1988 lilichukua bunduki ya M24 yenye darubini ya Leupold ya ukuzaji huohuo. Wateuzi walikubali kuacha ukuzaji wa kubadilika ili wapate chombo chenye vipande vichache vya kuharibika.

Mambo yanayoiharibu

Pigo la kwanza hutoka kwa bunduki yenyewe. Ndani ya darubini mna mrija mdogo wenye lenzi zinazogeuza taswira isimame wima. Mrija huo husukumwa na springi dhidi ya vifundo vya kurekebishia. Kila risasi inapofyatuliwa, msukumo wa kurudi nyuma huutikisa. Springi ikilegea, mrija haurudi palepale, na kundi la risasi hutawanyika ingawa kwa nje hakuna hata mkwaruzo. Hii ndiyo hitilafu ngumu kuigundua, maana askari huanza kwa kujilaumu yeye au risasi zake.

Pigo la pili ni maji. Darubini inayotoka kwenye baridi na kuingia kwenye joto hupata ukungu juu ya kioo. Ukungu wa nje hufutika, wa ndani haufutiki. Pete za mpira kwenye maungio ndizo zinazozuia maji na kuhifadhi gesi, nazo huzeeka. Katika hali ya joto na unyevu wa kudumu, kama pwani ya Afrika Mashariki, kuvu huota juu ya lenzi na kula utando wake, na chumvi ya bahari hushambulia skrubu na vifungio.

Pigo la tatu ni mabadiliko ya joto. Chuma, alumini, kioo na gundi havitanuki kwa kiwango kimoja. Mwaka 2015 kampuni ya L-3, iliyomiliki kampuni ya vilengeo ya EOTech, ilikubali kuilipa serikali ya Marekani dola milioni 25.6 kumaliza madai kwamba iliuza vilengeo vya holografia ikijua vina kasoro katika joto, baridi na unyevu. Kesi hiyo huonyesha kwa nini ahadi za muuzaji hazitoshi bila majaribio ya mnunuzi mwenyewe. Vumbi, mchanga na mtetemo wa magari hukamilisha orodha hii.

Muundo wa darubini imara

Mwili wa darubini nyingi za kijeshi ni wa aloi ya alumini, mara nyingi 6061-T6 au 7075-T6 iliyo ngumu zaidi. Mrija wa kipande kimoja hupunguza maungio yanayoweza kuvuja au kupinda. Kipenyo cha milimita 30 au 34 huacha nafasi pana ya marekebisho kuliko kile cha zamani cha milimita 25.4.

Aina nyingine ya darubini hutumia prizimu badala ya mfululizo mrefu wa lenzi, hivyo huwa fupi na nene. Mfano wake mashuhuri ni ACOG ya kampuni ya Trijicon, iliyotokea mwaka 1987, yenye ukuzaji wa mara 4 na lenzi ya mbele ya milimita 32. Mwili wake ni wa alumini ya kufuliwa, na alama yake huangazwa bila betri: mchana kwa nyuzi zinazokusanya mwanga, usiku kwa tritiamu, gesi nururifu. Hata hivyo tritiamu hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 12.3, hivyo tarehe ya kuundwa ni jambo la kuuliza kabla ya kununua chombo kilichokaa ghalani.

Kioo chenyewe hakipuuzwi. Uso wa lenzi usiopakwa utando hurudisha takribani asilimia 4 ya mwanga, na darubini ina nyuso nyingi. Mwanga unaolifikia jicho hupita katika duara ambalo kipenyo chake hupatikana kwa kugawa kipenyo cha lenzi ya mbele kwa ukuzaji: 32 kwa 4 ni milimita 8, ilhali 42 kwa 10 ni 4.2. Duara pana humsaidia askari alfajiri na magharibi, na humruhusu kuona upesi hata kichwa kisipokaa sawasawa.

Kifungio

Darubini bora juu ya kifungio dhaifu ni hasara. Reli ya kiwango cha MIL-STD-1913, iliyoidhinishwa mwaka 1995 na kujulikana kama Picatinny, ilirahisisha kubadilishana vifaa kati ya bunduki mbalimbali. Skrubu hukazwa kwa spana yenye kipimo, kwa nguvu aliyoagiza mtengenezaji: zikilegea darubini huteleza, zikizidi hubana mrija na kukwamisha mtambo wa ndani. Baada ya kukaza, mstari wa rangi huchorwa kati ya skrubu na kifungio ili kulegea kuonekane mara moja. Kifungio cha kubandua haraka kinafaa ikiwa tu kimethibitika kuirudisha darubini palepale.

Majaribio na ununuzi

Kiwango kinachotajwa zaidi ni MIL-STD-810 cha Marekani, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1962. Kina taratibu za kupima joto kali, baridi, unyevu, kuvu, ukungu wa chumvi, mchanga, kuzamishwa majini, mtetemo na mshtuko. Hakisemi kila chombo kipite majaribio yote, wala hakitoi cheti. Mnunuzi makini huuliza ni taratibu zipi zilizofuatwa, kwa vipimo gani, na huomba ripoti yenyewe.

Uteuzi huanza na kazi. Kwa askari wa miguu anayepigana ndani ya mita 300 hadi 500, ukuzaji wa mara 4, au wa kubadilika kuanzia 1 hadi 6 au 8, humtosha. Mdunguaji huhitaji zaidi, pamoja na alama na vifundo vinavyotumia kipimo kimoja, kwa kawaida hatua za miliradiani 0.1. Alama iliyochongwa kwenye kioo huhimili mishtuko kuliko ile ya nyuzi za waya, na huonekana hata betri ikiisha.

Kisha sampuli hujaribiwa na askari wenyewe. Bunduki hulinganishwa na darubini, yaani alama huwekwa ioane na mahali risasi inapofika, hufyatuliwa mamia ya risasi, huangushwa kwa utaratibu uliokubaliwa, na kurudishwa kwenye shabaha ileile. Vifundo huzungushwa juu, kulia, chini na kushoto kwa hatua sawa, na risasi ya mwisho hutakiwa kuingia pale ilipoingia ya kwanza. Darubini huzamishwa kwenye maji ya uvuguvugu. Mapovu huashiria tundu. Majaribio haya pia hufichua bidhaa za bandia, ambazo huiga umbo na nembo kuliko mitambo ya ndani.

Matunzo na mwelekeo wa sasa

Darubini haigeuzwi mpini wa kubebea bunduki. Mchanga hupulizwa kabla ya kufuta lenzi, maana kufuta kioo chenye mchanga ni kukikwaruza. Ulinganisho huhakikiwa baada ya kila safari ndefu na kila anguko. Mafunzo ya kulenga kwa kilengeo cha chuma huendelea, kwa kuwa kila kioo kinaweza kupasuka.

Mwaka 2022 Jeshi la Marekani lilichagua darubini ya XM157 ya kampuni ya Vortex, yenye ukuzaji wa mara 1 hadi 8, kipima umbali cha leza na kompyuta ya kukokotoa mwendo wa risasi. Vyombo vya aina hii huongeza usahihi, lakini pia huongeza vitu vya kuharibika: betri, nyaya, skrini na programu. Kwa mteuzi, sharti la msingi linabaki wazi: umeme ukizimika wote, kioo, alama na ulinganisho lazima viendelee kumtumikia askari.