Unga wa Mkopo: Chama cha Mkate cha Weyerbusch

Katika sharika zetu mwaka wa njaa haupiti bila kamati. Mvua zikikatika, wazee wa kanisa hukutana, majina ya wajane na wasiojiweza huandikwa, sadaka ya pekee hutangazwa, na magunia ya mahindi hushushwa mbele ya ofisi ya usharika. Hapo ndipo maswali huanza: nani apewe, nani alipe, na nani atakayekuja kupima mahindi Jumamosi ya sita, wakati wale waliokuwa na bidii Jumamosi ya kwanza wamesharudi kwenye shughuli zao. Maswali hayo yalimkuta meya mmoja wa vijijini huko Ujerumani, mtu asiyekuwa mchungaji wala mwanatheolojia, na ilimchukua miaka 18 kuyajibu.

Friedrich Wilhelm Raiffeisen alizaliwa tarehe 30 Machi 1818 katika mji mdogo wa Hamm, karibu na mto Sieg. Sehemu kubwa ya elimu yake aliipata kwa mchungaji wa usharika wao. Aliingia jeshini akiwa kijana, ugonjwa wa macho ukamtoa, na mwaka 1845 akapewa kazi ya umeya wa Weyerbusch, kundi la vijiji vidogo katika vilima vya Westerwald, mahali penye baridi kali na ardhi isiyo na rutuba. Kanisa lake lilikuwa Kanisa la Kiinjili la Prussia, lile ambalo mfalme alikuwa amewaunganisha ndani yake Walutheri na Wakalvini kuanzia mwaka 1817. Kwa hiyo sisi Walutheri hatuwezi kudai kwamba alikuwa wetu peke yetu.

Hakukaa vizuri kazini kabla ya njaa kufika. Ugonjwa wa viazi uliingia Ulaya mwaka 1845, ndio uleule ulioiangamiza Ireland. Mwaka 1846 mavuno ya nafaka nayo yakawa mabaya. Mkulima wa Westerwald aliishi kwa viazi na mkate wa ngano nyeusi, iitwayo rai, na sasa vyote viwili vilikuwa haba. Bei ya mkate ilipanda hadi maskini hawakuweza kuugusa. Waliokuwa na ng'ombe mmoja walimuuza, au walikopa kwa mlanguzi na ng'ombe akawa rehani.

Serikali ya Prussia ilipeleka unga. Tusiibeze, maana unga ulifika kweli. Lakini ulifika na sharti lake: anayeuchukua alipe fedha taslimu. Kila aliyewahi kukaa kwenye kamati ya misaada analijua sharti la namna hiyo. Limeandikwa na mtu mwenye hesabu safi, aliye mbali, na linawaacha nje walewale ambao unga uliletwa kwa ajili yao. Raiffeisen, akiwa na umri wa miaka 28, aliiita kamati ya maskini ya vijiji vyake, na wakaamua kuugawa unga kwa mkopo. Aliyekuwa na fedha alilipa. Asiyekuwa nazo alitia sahihi hati ya deni, alipe baadaye. Ilikuwa kinyume cha agizo, na aliyelikiuka alikuwa mtumishi wa serikali hiyohiyo, aliyekula mshahara wake.

Unga wa serikali haukuweza kutosha. Ndipo meya alipowaendea watu wenye nafasi katika vijiji vile, akawaomba wachange fedha katika mfuko mmoja. Kikazaliwa chama kilichoitwa Chama cha Mkate, yaani Brodverein kwa tahajia ya siku zile. Fedha za mfuko zilinunua nafaka, na ikajengwa nyumba ya tanuri ya kijiji ili mkate uokwe palepale, bila faida ya wafanyabiashara wa katikati. Mkate wa chama uliuzwa kwa bei iliyo chini sana ya ile ya soko, na maskini waliupata kwa ahadi ya kulipa. Baadaye chama kilisaidia pia kupata mbegu za kupanda, maana mtu aliyekula mbegu yake wakati wa baridi ataona njaa nyingine mwakani.

Kwa nini alikopesha, asitoe bure? Wengine husema ni ukali wa Kijerumani. Mimi naona ni kinyume chake. Hati ya deni ilisema kwamba mwenye nayo ni mtu wa kuaminiwa, kwamba atavuna tena, kwamba bado ana neno lake. Sadaka ingeweza kumlisha, lakini isingemwambia hayo. Nakiri hata hivyo kwamba wapo watu ambao mkopo hauwafai kabisa: mgonjwa, mtoto, bibi kizee asiye na shamba. Kwao tunabaki na Matendo ya Mitume sura ya 6 na wale saba waliochaguliwa kuhudumu mezani, na mezani hapo hakuna hati ya deni.

Njaa ilipopita, Raiffeisen alihamishiwa Flammersfeld mwaka 1848. Huko tatizo lilikuwa mikopo ya riba kubwa na ng'ombe wa rehani. Mwaka 1849 alianzisha chama cha kusaidia wakulima wasio na uwezo. Watu 60 wenye mali waliungana kudhamini kwa mali yao yote, chama kikakopa kwa dhamana hiyo, kikanunua ng'ombe na kuwauzia wakulima maskini, walipe kidogokidogo kwa miaka mitano. Mwaka 1852 alihamishiwa tena Heddesdorf, karibu na mto Rhine, na mwaka 1854 akaanzisha chama cha hisani chenye malengo makubwa zaidi: kuwatunza watoto waliotelekezwa, kuwatafutia kazi waliotoka gerezani, kuwapatia wakulima ng'ombe na mikopo. Kwenye karatasi ni chama kizuri kuliko vyote vilivyotangulia.

Na hicho ndicho kilichomfundisha kwa uchungu. Wanachama walikuwa watu wasio na shida. Walitoa kwa moyo mwanzoni, kisha wakachoka. Kazi ya watoto na ya wafungwa ilififia, ikabaki ile ya mikopo, na hata hiyo iliwachosha wadhamini, kwa sababu wao walibeba hatari yote huku wakopaji wakisimama nje ya chama. Raiffeisen alisitasita sana kubadilika. Aliisoma Mathayo 25, pale Mfalme anapowatenga kondoo na mbuzi, akaamini kwamba upendo wa Kikristo wa wenye mali ungetosha. Mwaka 1864 alikubali kwamba hautoshi. Chama kikaundwa upya kuwa chama cha mikopo, na sheria yake mpya ilikuwa nyepesi kueleza: anayetaka kukopa lazima awe mwanachama. Tangu hapo waliohitaji na waliodhamini walikaa benchi moja, wakapiga kura pamoja, na kila mmoja akawa mdhamini wa mwenzake.

Kitabu chake cha mwaka 1866 kilieneza utaratibu huo. Kila chama kisivuke mipaka ya usharika mmoja, ili watu wafahamiane na mzembe ajulikane. Viongozi wasilipwe, isipokuwa mtunza hesabu. Faida isigawanywe kwa watu binafsi, iwekwe katika mfuko usiogawika wa wote. Wakati huo alikuwa karibu kipofu, na binti yake Amalie ndiye aliyemsomea na kumwandikia. Alifariki tarehe 11 Machi 1888.

Njia iliyotoka pale hadi kwetu ilipitia India. Frederick Nicholson, ofisa wa Kiingereza huko Madras, alitumwa kuchunguza jinsi Ulaya ilivyowakopesha wakulima, na ripoti yake ya miaka ya 1890 ilipendekeza njia ya Raiffeisen. Ikafuata sheria ya India ya mwaka 1904, na sheria za ushirika za makoloni mengine ya Kiingereza ziliufuata mfano wa India, ikiwamo ile ya Tanganyika ya mwaka 1932, ambayo KNCU ya Kilimanjaro iliandikishwa chini yake. KNCU ilikuwa ya kuuza kahawa, si ya kukopesha. Lakini SACCOS za leo, zikiwamo zile zenye ofisi ndani ya viwanja vya makanisa yetu, zina babu yao Heddesdorf. Vikoba vina historia nyingine, tusivichanganye.

Uko ukurasa mmoja ambao wasifu mwingi wa Raiffeisen huuruka, nami nilipokuwa nikifundisha habari zake niliuruka kwa miaka kadhaa. Katika vilima vile wafanyabiashara wengi wa ng'ombe na wakopeshaji walikuwa Wayahudi, kwa sababu kwa karne nyingi Wayahudi wa Ujerumani walikuwa wamezuiwa kumiliki ardhi na kuingia katika vyama vya mafundi. Raiffeisen katika maandishi yake ya uzeeni aliandika maneno ya chuki juu yao, akiwahesabu kuwa chanzo cha umaskini wa wakulima, na baadhi ya waliomfuata waliyabeba maneno hayo mbele zaidi. Mipaka ya usharika, iliyowafanya watu waaminiane, iliwaacha nje majirani walioishi barabara ileile. Wanafunzi wangu wa theolojia huniuliza kama basi tuache kumsifu. Huwa nawaambia warudi kwanza kwenye ule unga wa mwaka 1846, wasome jinsi ulivyogawiwa, kisha wachukue orodha ya misaada ya usharika wao wenyewe na kuhesabu ni majina mangapi ya jirani asiye Mkristo yamo ndani yake. Mmoja alirudi baada ya likizo na orodha ya kwao. Ilikuwa na majina 40, na jina la namna hiyo halikuwamo hata moja.