Hekalu, Mzimu na Minyororo ya Ishizuchi

Magharibi yote ya Japani hakuna mlima unaoufikia Ishizuchi kwa urefu. Uko mkoani Ehime, kisiwani Shikoku, una mita 1,982, na jina lake huandikwa kwa alama mbili: ya jiwe na ya nyundo. Mswahili akiusimulia atakwambia juu kuna hekalu. Hapo ndipo ninapokwama.

Wajapani hutenganisha jinja na tera. Jinja ni mahali pa kami, wale wa imani ya Shinto. Tera ni pa Buddha. Sisi tumeyatia yote mawili kwenye kapu la hekalu, neno tulilolizoea katika habari za Sulemani, na hekalu la Sulemani lilikuwa nyumba, lina kuta na milango. Ishizuchi kinachotukuzwa ni mlima wenyewe. Majengo yake manne ya ibada, moja chini mjini Saijo, moja juu kabisa na mawili kwenye njia za kupandia, ni mahali pa kusimama na kuuelekea. Ukiyabomoa yote leo, kinachoabudiwa kitabaki palepale.

Neno la kitu hicho tunalo, ila tumelipeleka kwenye filamu za kutisha. Mzimu, kwa Kiswahili cha wazee wa pwani, ni mahali: pango, mbuyu au jabali ambako watu hupeleka ubani na marashi, wakafunga kitambaa, wakaweka nadhiri. Mtu huenda mzimuni kama anavyokwenda kisimani. Wajapani nao wana neno iwakura, yaani mwamba anaoshukia kami, na mwamba wa namna hiyo mara nyingi utaukuta umefungwa kamba nene ya majani ya mpunga, yenye vipande vya karatasi nyeupe vilivyokunjwa vikining'inia. Iwakura ningeiita mzimu bila kusita. Kwa jengo ningeacha jinja kama lilivyo. Linaishia kwa irabu na halimshindi mtu kulitamka.

Hata hivyo hekalu nalo lina utetezi wake. Kwa karne nyingi Ishizuchi ulikuwa wa watawa wa milimani, watu wa Shugendo, ambao kwao Buddha na kami walikaa pamoja bila ugomvi. Ni serikali ya Meiji iliyoamuru mwaka 1868 watenganishwe, na mwaka 1872 ikaipiga marufuku Shugendo yenyewe. Kwa hiyo mtafsiri aliyechanganya jinja na tera angekuwa amekosea zaidi leo kuliko mwaka 1800.

Kwa anayekwenda na kurudi siku hiyohiyo, njia iliyozoeleka huanza kwa kibanda kinachopandishwa kwa waya, kisha mwendo mfupi hadi Jojusha, jinja iliyo karibu mita 1,450. Joju ni kutimia. Simulizi inasema En no Gyoja, mwasisi wa Shugendo, alishindwa kufika juu akageuza. Njiani akamkuta mzee ananoa shoka ili liwe sindano. Akaona haya, akapanda tena, akafika.

Kutoka hapo kitenzi kupanda kinaanza kupwaya. Kupanda tunapanda hata basi. Mbele kuna minyororo minne ya chuma iliyoning'inizwa kwenye mwamba: wa kwanza, wa majaribio, una mita 74, kisha ya mita 33, 65 na 68. Pete zake ni nene, na hapa na pale zimefungwa vyuma vya pembetatu vya kutia mguu. Hivyo ni vipandio, na anayefanya kazi hiyo anakwea, kwa mikono na miguu, kama mkwezi wa mnazi. Asiyetaka hupita kando kwenye ngazi, na hakuna anayemcheka.

Kinachonifurahisha zaidi ni salamu zao, hasa msimu wa sherehe ya kufungua mlima, Julai 1 hadi 10 (siku ya kwanza, kwa desturi, ni ya wanaume peke yao). Anayepanda huitwa onobori-san, anayeshuka okudari-san: bwana au bibi Mpandaji, bwana au bibi Mshukaji. Mtu yuleyule hubadilishwa jina akigeuka. Mjini onobori-san ni mshamba aliyeingia Tokyo kushangaa maghorofa. Mlimani ni heshima tupu. Sisi tuna mpanda mlima tu, hata akiwa anateremka magoti yakimtetemeka.

Limebaki neno kilele. Jinja ya juu, Chojosha, maana yake ni jinja ya kileleni, nayo iko kwenye ncha ya Misen, mita 1,974. Mita 1,982 ni za Tengudake, ncha ya jirani yenye ukingo mwembamba wa miamba na jina la tengu, jini wa milimani mwenye pua ndefu. Wengi huishia Misen, hupiga picha, hushuka. Akikwambia mtu amefika kileleni Ishizuchi, muulize kipi.