Chemosit Aliimba, Chemirocha Akaimbiwa

Mtu akitaja majini wa Pwani, sisi wa Eldoret hujifanya hatuna wetu. Tunaye Chemosit. A. C. Hollis, ofisa wa kikoloni, alimwandika katika kitabu chake The Nandi mwaka 1909: nusu mtu nusu ndege, mguu mmoja, kinywa chekundu kinachong'aa usiku kama taa. Anakula watu, lakini zimwi gani halili? Kilichonishika ni mbinu yake. Usiku anaimba karibu na makazi. Watoto wanaona mwanga, wanasikia muziki, wanadhani kuna ngoma mahali, wanafuata.

Ruka sasa hadi 1950. Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika na mitambo ya kurekodi, anafika Kapkatet kwa Wakipsigis. Wasichana wanaimba, kinubi kinapigwa, na wimbo unamhusu kiumbe anayeitwa Chemirocha, nusu mtu nusu swala. Huyo ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri wa Marekani aliyefariki 1933. Santuri zake zilikuwa zimefika huko. Hebu litamke jina lake haraka haraka. Si unasikia? Che- ndiyo ya Chemutai na Chebet, na ya Chemosit pia. Jina likageuka Kikalenjin, mwenyewe akapewa miguu ya swala.

Watu hucheka, eti wasichana hawakuelewa gramafoni. Mimi sioni ujinga hapo. Sauti tamu isiyo na mwili, inayokuvuta: aliyelelewa na hadithi za Chemosit anaijua hiyo. Na miaka yenyewe haikuwa ya mchezo. Ardhi nzuri ya Kericho ilishakuwa mashamba ya chai ya wazungu. Ukoo wa Talai ulihamishiwa Gwassi kwa nguvu kuanzia 1934. Na sehemu nyingi za Afrika Mashariki watu walinong'ona kuhusu mumiani, wale wanyonya damu waliosemekana kutumwa na wazungu. Mgeni mwenye muziki mzuri alistahili kuogopwa.

Lakini hawa wasichana hawaogopi, na hapo ndipo naona ujanja wa wimbo. Chemosit huimba ili watoto waje. Chemirocha ndiye anayeimbiwa. Wanamhimiza aruke ngoma ya Kikipsigis, aruke kabisa, mpaka nguo zimtoke! Katika Tam Lin, wimbo wa kale wa Uskoti, msichana anamng'ang'ania mpenzi aliyetekwa na viumbe wa uchawi hadi anakuwa mtu tena. Wa Kapkatet hawana haja ya kumwokoa mtu. Wanamchezesha tu. Tracey aliuona kuwa wimbo wa mzaha, na kweli unachekesha, ila angalia ni nani anayebaki uchi.

Zaidi ya miaka 60 baadaye rekodi hizo zilirudishwa Kapkatet, na baadhi ya waliorekodiwa siku zile walikuwa bado hai kujisikiliza.