Picha Kabla ya Msumeno

Goma, mashariki mwa Kongo, imejengwa juu ya mawe ya volkano ya Nyiragongo, na miguu ya watu wake inajua. Msukuma chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili, akiteremka na magunia ya makaa, breki yake ni kipande cha tairi anachokikandamiza kwa unyayo juu ya gurudumu la nyuma. Kidonda kwake si habari. Cha kuogopwa ni uvimbe usiouma: unakua taratibu miaka nenda miaka rudi, kisha unatoboka vitundu vinavyotoa usaha wenye chembe nyeusi, nyeupe au za manjano.

Huo ni maisetoma, au mguu wa Madura. Ngome yake ni nchi kavu zenye miba, Sudan ikitangulia, lakini ukanda wake unaanza nyuzi 15 kusini mwa ikweta hadi 30 kaskazini, na Goma imo ndani.

Daktari John Gill aliueleza mwaka 1842 huko Madurai, kusini mwa India. Mwaka 1860 Henry Vandyke Carter akaupa jina la kitabibu. Ni Carter yuleyule aliyechora picha za kitabu cha anatomia cha Henry Gray. Mchoraji hodari, ila enzi hizo aliyetaka kuona ndani ya mguu mgonjwa alisubiri ukatwe.

Wilhelm Röntgen aligundua eksirei mwaka 1895. Zilisaidia, lakini kwa kuchelewa: eksirei huonyesha mifupa iliyokwisha kutobolewa, wakati nyama imeliwa zamani.

Mageuzi yalitoka Khartoum. Kituo cha utafiti wa maisetoma kilianzishwa huko mwaka 1991 chini ya Profesa Ahmed Fahal, na mwaka 1997 yeye na wenzake wakaonyesha kwamba ekografia, picha ya mawimbi ya sauti, inatofautisha aina mbili za ugonjwa: ya fangasi na ya bakteria. Chembe za fangasi hung'aa kwa ukali kwenye skrini. Za bakteria huwa laini zaidi na hutulia chini ya shimo la usaha. Tofauti hiyo si ndogo hata kidogo: bakteria hutibiwa kwa antibayotiki, fangasi hudai dawa za muda mrefu na mara nyingi kisu. Baadaye MRI, picha ya sumaku, ikaleta alama yake, nukta nyeusi ndani ya duara jeupe.

Kwa Goma, ekografia ndiyo inayofaa zaidi, kwa kuwa mashine yake hubebeka. Na hapa hata hospitali si salama: ile iliyoanzishwa mwaka 2000 na Jo Lusi, daktari wa mifupa, na mkewe Lyn, ambayo leo ni HEAL Africa, iliteketezwa kwa sehemu kubwa na lava ya Januari 2002, ikajengwa upya.

Shirika la Afya Duniani liliingiza maisetoma katika orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa mwaka 2016. Kituo cha Khartoum kimeharibiwa katika vita vilivyoanza Aprili 2023. Hata hivyo, mwenye uvimbe wa unyayo usioisha asingoje usaha; aende apigwe ekografia.