Mtama mweupe au mwekundu? Jibu linaanzia kilabuni

Ndugu wakulima na wafanyabiashara, leo mnivumilie kidogo tuingie kilabuni. Msimu huu huko Songwa, wilayani Kishapu, mama mmoja anayelima na kupika pombe aliniuliza: "Bwana shamba, nipande mtama mweupe au mwekundu?" Nilitaka kumjibu haraka haraka, nikaona swali lake lina historia ndefu.

Mijini siku hizi wapo watu wanaonunua bia za viwanda vidogo, wanaonja na kubishana ipi chungu, ipi nzito. Kwetu jambo hilo si geni. Keti kilabuni penye wapishi watatu wanaopika kwa zamu, utawasikia wazee: ya huyu imechacha mno, ya yule nyepesi, ya yule mwingine kimea chake kimenuka. Hawasomi nembo. Wanamtaja mpishi, na ukimfuata mpishi atakutajia nafaka.

Ufundi wenyewe uko kwenye kimea. Mtama unalowekwa, unaachwa uote, unaanikwa, unasagwa. Ukichanganywa na uji uliopoa, kimea kinageuza wanga kuwa sukari, kisha hamira ya asili inageuza sukari kuwa kileo. Wengi huongeza kimea cha ulezi kwa sababu ulezi hufanya kazi hiyo vizuri kuliko mtama. Kimea kikianikwa vibaya kinashika ukungu, na ukungu unaweza kuleta sumukuvu ambayo moto wa jikoni hauimalizi. Kwa hiyo mzee anaposema kimea kimenuka, msimcheke. Anapima usalama wa chakula kwa ulimi.

Zamani pombe hiyo haikuwa ya kuuzwa sana. Katika Usukumani ulimwita jirani na kikundi chake waje palizi, ukawakaribisha chakula na pombe. Pombe mbaya, mwakani hawaji. Baadaye zikaja fedha za pamba, na mwaka 1940 John Williamson, mtaalamu wa miamba kutoka Kanada, akagundua almasi Mwadui, jirani kabisa na Songwa. Penye mishahara hakuna anayesubiri palizi ili anywe. Mtungi ukapata mteja wa fedha taslimu, na mama mpishi akawa mfanyabiashara.

Chupa nayo ilikuwa njiani. Kiwanda cha bia kilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1933, na bia yake ilikuwa ya shayiri, zao ambalo mkulima wa Shinyanga halimhusu. Mtama ukabaki kuwa wa kilabuni. Baada ya uhuru ikaja sheria ya moshi ya 1966, inayohusu kukeneka gongo, kisha sheria ya vileo ya 1968, ambayo iliweka utaratibu wa leseni, hata kwa pombe za kienyeji. Hapa wengi huchanganya. Pombe ya mtama si gongo. Inauzwa kwa leseni, na mahali pa kuulizia ni ofisi ya biashara ya halmashauri. Nimeona akina mama wakijificha bila sababu.

Viwanda navyo vikarudi kwenye mtama. Miaka ya 1950, huko Rhodesia ya Kaskazini, Max Heinrich alianza kutengeneza Chibuku, pombe ya nafaka ya kiwandani. Inasemekana jina lilitokana na kitabu alichokuwa akiandika habari za mapishi yake. Dar es Salaam tunaijua kwa jina la Kibuku. Mwaka 2002 Nile Breweries ya Uganda ikatoa bia ya Eagle iliyotengenezwa kwa mtama uitwao Epuripur. Hapa Tanzania pia, bia inayotumia nafaka za ndani zisizooteshwa imewekewa ushuru mdogo kuliko bia ya kawaida. Basi ghafla mtama ukawa na mnunuzi mwenye lori.

Lakini mnunuzi huyo anataka punje nyeupe isiyo na ukakasi, kama Macia, mbegu iliyotolewa nchini mwaka 1999. Mpishi wa kilabuni anapenda nyekundu kwa rangi na ladha. Na kuna mwonjaji wa tatu ambaye hatumkaribishi: kwelea kwelea. Naye anapenda nyeupe. Ukakasi wa mtama mwekundu ndio unaomfukuza. Penye viduha hesabu inabadilika tena, maana hapo ningetazama kwanza Hakika au Wahi, zilizotolewa mwaka 2002.

Kwa hiyo nilimuuliza mama yule maswali matatu. Mnunuzi wa mtama mweupe umemwona kwa macho, au umesikia tu? Una watu wa kuamia ndege? Na ukiondoa ya kuuza na ya kupika, yanabaki madebe mangapi ya ugali mpaka mavuno? La tatu lilimchukua muda. Mvua ikikatika, debe la kimea na debe la unga ni debe lile lile, na wateja wa kilabuni hawalishi watoto.

Alipanda ekari moja ya Macia, na robo ekari ya mtama mwekundu nyuma ya nyumba. Ekari ile watoto wataamia wakitoka shule. Ile robo haina mlinzi.