Mstari na Nasaba: Mchoro wa Mtandao na Waborana wa Garbatulla

Mwaka 2011 Franco Moretti alichapisha uhakiki uliotumia mchoro wa mtandao wa wahusika wa Hamlet. Mwaka uo huo ilitolewa D3, maktaba ya programu inayomwezesha msomaji kuburuta nukta ndani ya kivinjari na kuona mtandao wote ukijipanga upya. Kanuni ya upangaji huo ni nyepesi: nukta husukumana, mistari huzivuta. Ukaribu kwenye mchoro basi husomwa kuwa ujamaa.

Tuipime kanuni hii Garbatulla, katika kaunti ya Isiolo. Waborana wamegawanyika nusu mbili, Sabbo na Gona. Kwa desturi, Sabbo huoa Gona, na Gona huoa Sabbo. Kila mstari wa ndoa, kwa hiyo, huvuka mpaka. Mchoro wa ndoa pekee utazivuta nusu hizo pamoja hadi mpaka ufutike machoni, ilhali mpaka ndio unaozaa ndoa zenyewe! Rangi mbili zingeurejesha, lakini rangi hutiwa na ajuaye tayari.

Aidha, mstari hauna tarehe. Azima ya mifugo iliyotangulia vita vya Shifta (1963–1967), vilivyowafukarisha wafugaji wengi wa huko, huchorwa sawa na ya baadaye, isipokuwa mchoraji ameuingiza mwaka.